Malalamiko Dhidi ya Mifugo ya Sufu Iliyovamia Bucha Yetu

Kwa Shangazi mpendwa, dada wa marehemu baba yetu, na mwenye kauli ya mwisho juu ya kila kinachokatwa, kinachopimwa na kinachofungwa katika bucha hii.

Shikamoo, Shangazi. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na kwamba yule jirani yako wa redio amepata akili. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ningependa kuandika kwamba ni wazima wa akili pia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli.

KUH: KAKA YANGU SHOKA, NA MIFUGO YAKE ISIYOKULA WALA KUNYWA

Naandika kwa heshima zote, na kwa hasira kidogo ambayo nimeikunja vizuri isionekane. Unakumbuka Shoka alipojeruhiwa mkono na ule msumeno wa mifupa. Daktari alimshona, akasema vidole vipewe kazi nyepesi visije vikakakamaa. Kila mtu alileta msaada wake. Mimi nilileta mpira wa kuminya. Wewe ukaleta mfuko wa sufu, kipande cha sponji na sindano zenye vijino, ukamwonyesha jinsi ya kuviringisha bonge la sufu na kulichomachoma mpaka lishikamane na kuwa kitu. Ulisema ni mchezo tu wa kupitishia muda. Shangazi, mpira wangu uko chini ya kabati. Sindano zako ndizo zinazotawala bucha. Kwa hiyo, pamoja na upendo wote nilio nao kwako, chanzo cha balaa hili ni wewe, na ndiyo maana barua inakuja kwako na si kituo cha polisi.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kwamba Shoka hakuridhika na mnyama mmoja. Wa kwanza alisema ni kondoo. Mimi niliona kiazi chenye manung'uniko. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu ningenyamaza angechoka mwenyewe. Badala yake akakaza kamba. Na kwa kuwa amekata nyama tangu ndevu hazijaota, anajua bega linaungana wapi na shingo, mafuta yanakaa upande gani, goti la nyuma linakunjika vipi. Watu wengine wenye mchezo huu, nasikia, huanza na umbo la nje. Shoka huanza na uti wa mgongo. Anatengeneza mbavu, Shangazi. Mbavu za sufu, kisha anazifunika nyama ya sufu, kisha ngozi. Nilimuuliza ni nani atakayeziona. Akajibu kwamba ng'ombe mwenyewe atajua.

2. Kwamba amejitungia sheria kuhusu macho. Macho huwekwa mwisho, na mnyama akishawekwa macho hatupwi, hata akitoka amepinda. Lazima apewe mahali pa kukaa. Basi nyumbani kabati lilipojaa, wakahamia bucha. Wamepangwa juu ya kioo cha kaunta, karibu na maini kama pua na mdomo, na sijui anayashona vipi yale macho, maana kila mmoja anamtazama mteja usoni. Mtu anaingia akitaka kilo, anainua macho, anakutana na ndama, anasema robo itatosha. Wa pili anakohoa, anatoka, anaenda mlango wa pili kwa mama wa maharage. Huyo mama hajawahi kunisalimia tangu tugombanie pipa la taka. Sasa kila asubuhi ananiuliza kaka yako anaendeleaje, tena kwa tabasamu.

3. Kwamba nilijaribu kuwageuza watazame ukuta. Haikusaidia. Wateja walitaka kujua wamekosa nini. Yupo dereva wa lori, mtu mwenye shingo kama gunia, ambaye kwa macho yangu nimemwona akinunua paja zima la chakula chake peke yake. Aliniegemea kwenye kaunta na kuniomba niwasamehe. Alisema mbuzi mdogo hasa anaonekana amejutia. Nikawageuza, jamani, ningefanyaje? Foleni nzima ilikuwa upande wao.

4. Kwamba niliongea na Shoka kwa upole, kama mtu mzima na mtu mzima, nikamwomba atengeneze wanyama ambao hakuna anayekuja kuulizia kilo yake. Alikubali haraka mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Akatengeneza fisi. Akamweka pembeni, akielekea upande wa mbavu, na yule fisi anazitazama mbavu kwa hamu ambayo sijapata kuiona hata kwa binadamu. Wateja wanasema si uungwana kununua mbele yake. Mmoja aliniuliza kama huwa tunamlisha. Mwingine alirudisha kipande cha mfupa kutoka kwenye mfuko wake na kumwekea miguuni. Nilipotaka kuuondoa mfupa, Shoka akasema tusubiri kwanza, huenda ana haya.

5. Kwamba serikali imeniangusha. Nilisikia Bwana Afya anapita madukani, nikafurahi kimyakimya. Nilikunja mikono nikamsubiri. Aliingia na koti lake jeupe na tochi yake, akamulika kulabu, akamulika sakafu, akafika kwa wanyama, akasimama. Akasema manyoya na nyama havikai pamoja, wawekwe kwenye sanduku la kioo mbali na bidhaa. Nilisema naam, mheshimiwa, umenena. Nilidhani yamekwisha. Ndipo akainama upande wa Shoka na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutengeneza paka. Wa rangi ya chungwa. Sikio moja limechanika. Mkewe alimzika nyuma ya nyumba, na tangu hapo wakila chakula cha jioni hawajui watazame wapi. Shoka akamletea kigoda. Siku ile mizani haikukaguliwa, Shangazi, na lile sanduku la kioo alilileta Bwana Afya mwenyewe, amelifuta na kulitandika kitambaa.

6. Kwamba sasa tumekuwa watu wabaya mbele ya watoto. Unaijua sheria ya baba: mzigo uliofungwa kwa karatasi ya kaki na kamba iliyopita mara mbili ni wa mteja, unaingia kwenye friza, haufunguliwi. Mwalimu wa shule alikuwa amemwagiza Shoka ndama kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya binti yake. Shoka alimmaliza, akamfunga. Na mikono yake haijui kufunga kwa namna nyingine. Mimi nikaukuta mzigo mezani, umeandikwa Mwalimu, kamba imepita mara mbili. Ulikuwa mwepesi, nikadhani ni mapafu ya mbwa wake. Nikauingiza kwenye friza kama nilivyolelewa. Kesho yake Shoka alikuwa hospitali kuangaliwa mkono, Mwalimu akaja, nikamkabidhi, nikamwambia auweke mahali pa baridi.

Mtoto alifungua zawadi yake akakuta ndama amekakamaa, na barafu kwenye kope. Alimfunga taulo akamkumbatia mpaka akapata joto. Na asubuhi iliyofuata alikuja na mama yake, huyo Mwalimu, ndama mgongoni, akapita foleni yote, akasimama mbele ya friza akaiwekea kiganja na kuuliza: "Na hawa wengine mnawatoa lini?"

Shangazi, mimi nimejibizana na wateja wa kila aina. Walevi nimewajibu, wabishi nimewajibu, hata yule aliyedai ulimi wake umepungua nilimjibu. Kwa mtoto yule nilijikuta nafuta mizani ambayo ilikuwa safi. Shoka akapiga magoti, akamwomba radhi ndama, tena kwa jina ambalo mtoto alikuwa amempa, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kuelekea kwenye maharage. Kwa mwendo huu tutakuwa bucha isiyouza nyama, halafu itakuwa nyumba ya kulelea mifugo, na mimi mwanao nitazeeka nikipima sufu kwa gramu na kuulizwa kama ina mafuta.

7. Hili la saba ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Hayo mengine, nikisema kweli, ni kelele.

Juzi nilifika mapema, kabla hatujafungua. Shoka alikuwa ametangulia. Amevaa aproni yake ya zamani, amesimama kwenye gogo la kukatia nyama, mbele yake kipande cha bega. Hakuniona. Aliinua kisu kwa mkono ule ulioshonwa, ambao daktari amesema umepona kabisa, hauna tatizo. Mkono ukatetemeka. Ulitetemeka mpaka nikasikia kisu kikigongagonga gogo. Akakiweka chini, akavua aproni, akaitundika, akaenda kukaa kwenye kona yake, akachukua sindano. Mkono ukatulia tuli. Mimi nilijitia hamnazo, nikawa napanga karatasi. Akasema bila kugeuka: "Mdogo wangu, sindano hainitishi."

Niliona hasira, Shangazi, na hasira yenyewe haikuwa juu yake. Tangu baba atutoke tumesimama bega kwa bega, yeye kwenye gogo, mimi kwenye mizani, tunagombana kuhusu redio tangu kufungua mpaka kufunga. Sasa kwenye gogo yupo mkataji wa kuajiriwa, anayepiga mifupa kama anaidai, na kila ninalomwambia ananijibu ndiyo dada. Nikibadilisha stesheni, ndiyo dada. Nikimwambia anakosea, ndiyo dada. Hakuna mtu wa kugombana naye. Na Shoka ameniambia anataka lile gogo aachiwe huyo mkataji moja kwa moja, na yeye apewe chumba cha nyuma kiwe karakana yake. Amesema atafuata utakalosema wewe. Naogopa. Akiingia kwenye chumba kile hatarudi tena kwenye gogo, na mimi nitabaki na kibao cha baba mlangoni na mtu wa ndiyo dada. Nimeamua nikuandikie kabla yeye hajakuandikia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa unyenyekevu:

Kwanza, uje uchukue sufu yako, sponji na sindano. Kama mzigo utakuwa mkubwa, chukua sindano tu.

Pili, umwamuru arudi kwenye gogo mara moja, pasipo majadiliano. Wewe ukisema, hapingi.

Tatu, wanyama wote waliopo kaunta wahamie kwako. Wana adabu, hawachagui malazi, na hawatakusumbua kwa redio kama yule jirani. Fisi naomba asikae karibu na jiko.

Nne, kama hayo yote hayawezekani, basi itolewe amri kwamba kuanzia sasa hakuna mnyama atakayewekwa macho bila idhini yangu ya maandishi.

Naamini utayapima haya kwa mizani ileile uliyotufundishia. Msalimie jirani, hata kama hastahili. Msalimie mama wa ghorofa ya chini na wajukuu zake. Wa huku wote wanakusalimu: Bwana Afya anakusalimu, mkewe anakusalimu, na paka wao anaendelea vizuri mezani. Dereva wa lori anakusalimu. Mama wa maharage anakusalimu kwa furaha isiyo na haya. Mkataji naye, nilipomuuliza kama anakusalimu, unajua alivyonijibu. Fisi hasalimii mtu, yuko kazini.

Ni mimi, binti wa kaka yako, mwenye mizani na subira iliyobaki robo.

Nyongeza: Nilitaka kukuambatanishia mnyama mmoja awe kielelezo, maana malalamiko bila kielelezo ni umbea. Nikaanza na kondoo, nikaona sikio lake halijashikamana vizuri, atafika amechakaa. Nikamwinua mbuzi, lakini yule dereva huwa anamwulizia. Fisi sikuthubutu. Nikafika kwa ng'ombe mwekundu, ambaye Shoka alimtengeneza wiki nzima akiimba, na Shangazi, tangu ile siku ya msumeno sikuwa nimemsikia akiimba. Nikamrudisha mahali pake nikasawazisha mkia. Basi barua inakuja peke yake.

Na maombi yangu yafute, hasa lile la pili. Usimwamuru. Mwandikie kwamba mimi nilikataa katakata, na wewe ukanishinda, ndipo akubali bila kunionea huruma, maana akija kuniambia pole nitalia mbele ya wateja. Nitanuna kidogo, kwa ajili ya heshima. Chumba cha nyuma nimeshakifagia, na nimemwekea redio.