Siri ya Koo la Mpwa Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Ajabu! Wiki iliyopita mtoto mkubwa wa dada aliumwa koo vibaya. Homa, hata mate hayapiti. Amepona. Lakini dada na wasiwasi wake, akampeleka na mdogo mtu kupimwa. Daktari akapitisha kijiti cha pamba kooni, na kumbe bakteria walewale, streptokoka, wamejaa tele! Na binti mwenyewe haumwi chochote. Anakula, anaruka kamba, na kwenye kwaya anatushinda sote kwa sauti.

Hapo machale yakanicheza. Je, kama ni hao hao wanaomlainishia koo? Mbona hakuna aliyewahi kufikiria?

Jumapili ni tamasha. Asubuhi mwalimu wa kwaya atatusikiliza, aamue nani aimbe peke yake: mimi au shemeji, mume wa dada. Kila mara huchaguliwa yeye. Safari hii nimeshamtangazia fundi cherehani, jirani wa kibanda changu cha kutengeneza redio, kwamba ni mimi. Kasema atakuja. Nikishindwa, nitapita wapi kwenda kazini?

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa dada kutengeneza redio ambayo haijaharibika. Nikamalizia maji ya mpwa wangu. Nikalamba na kijiko chake. Akanitazama wee, kisha:

"Mjomba, kwako hakuna vijiko?"

Nikamwambia ni mapenzi tu. Akaenda kusema kwa mama yake. Dada akanihurumia, akanipakulia sahani nzima.

Jumatano, 6 Machi
Koo halijabadilika. Nimejaribu noti ya juu, fundi cherehani akauliza kama nimejibana kidole.

Nikaenda kwa daktari, nikajifanya mjomba mwenye hofu. Akanieleza kwa upole kwamba watoto wa namna hiyo ni wengi, huitwa wabebaji. Bakteria wanakaa kooni, mwili hauwapigi vita, nao hawaleti fujo. Kwa nini? Akakiri hata wataalamu hawajalimaliza swali hilo. Huenda wamepoteza makali, huenda wamejificha ndani ya tezi za koo. Mara nyingi mtoto hahitaji dawa, wala si rahisi kuambukiza wengine. Sauti je? Akasema haihusiani kabisa. Nikamuuliza ameshapima waimbaji wangapi. Akaita mgonjwa mwingine. Yaani hajapima hata mmoja!

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi. Shemeji kajifunga skafu, haongei na mtu, chupa ya maji kaikumbatia kama mtoto mchanga. Nimemgundua! Nyumba moja na binti yake, basi naye anao, anawatunza! Ndiyo maana hunishinda.

Akaenda msalani. Nikainywa chupa yote. Aliporudi akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, nani kamaliza maji yake. Anaigiza, nikajua. Mjanja yule.

Jumamosi, 9 Machi
Homa. Koo linawaka moto. Ndiyo wanahamia, na kuhama kokote kuna vurugu zake. Nimevumilia.

Jumapili, 10 Machi
Sijaimba. Nilifungua kinywa mbele ya mwalimu, ukatoka mlio wa bawaba kavu. Shemeji naye hajatokea, yuko kitandani na koo hilohilo. Mwalimu akashika kichwa, mwisho akamsimamisha mpwa wangu. Tamashani mtoto akaimba! Fundi cherehani akafuta machozi. Mimi pia, kwa sababu zangu.

Mlangoni fundi akanisogelea, akasema taratibu, "Nilikuja kwa ajili yako."

Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepimwa. Streptokoka. Daktari kanipa antibayotiki, kisha akanishika mkono kabla sijatoka.

"Meza zote mpaka ziishe, hata ukijisikia mzima. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 13 Machi
Homa imekwisha, mate yanapita. Nimemwambia fundi cherehani kwamba tamasha lijalo ni mimi, hakuna ubishi. Akacheka, lakini hakukataa kuja.

Nimekaa nimefikiri. Mtoto anao, haumwi. Mimi niliwapata, nikaumwa. Tofauti iko wapi? Mimi niliwapokea wote kwa pamoja, chupa nzima! Hatukupata nafasi ya kuzoeana. Na sasa niwamalize kwa vidonge? Hapana. Vilivyobaki nimevifungia kwenye droo ya nyaya. Waliosalia wabaki, tuishi nao polepole.

Jioni hii koo limeanza kuwasha kidogo. Wameanza kazi!