Chekechea ya Florian na Ng'ombe Sita

Florian Kahigwa hakuwa mwizi, na angekushtaki ukimwita hivyo. Aliishi Mkolani kwa kumbembeleza mama mwenye nyumba, akala kwa mdomo wake tu, na mdomo wenyewe ulikuwa umesoma.

Siku alipowasikia wazungu watatu mgahawani kando ya ziwa wakimuuliza mhudumu wapi wanaweza kujitolea kufundisha watoto wa kijijini, aliweka chini kikombe cha chai ambayo hakuwa ameilipia, akasogeza kiti. Kabla chai haijapoa, alikuwa Mkurugenzi wa chekechea moja, mbele kidogo ya Bujora. Chekechea hiyo ilikuwa na kasoro moja ndogo: haikuwepo.

Kesho yake ikawepo. Mzee Masalu, mfugaji, alimkodisha ghala lake la mpunga. Modesta, binti yake mkubwa, mwanamke asiyecheka ovyo, akawa mwalimu. Watoto walikuja wenyewe, maana palikuwa na uji. Wazungu waliimba, wakapaka ukuta rangi ya njano, wakapigwa picha. Wiki iliyofuata, kwa kukosa kazi, wakaupaka wa bluu. Kanda ya Ziwa nzima hapakuwa na ukuta uliosaidiwa kiasi kile.

Lakini tusimwonee. Florian alikuwa anapenda, tena anapenda kweli. Jovina wa Nyakato, Mhaya mwenzake, alikuwa amemsubiri miaka miwili, na baba yake alishasema bila mahari hakuna harusi. Florian alihitaji kitu cha kupeleka, na haraka, kabla Jovina hajachoka.

Basi Hanna, mkubwa wa wale wazungu, aliposema wanataka kununua ng'ombe sita ili watoto wapate maziwa kwenye uji, Florian alikuwa karibu kulia. Kichwani alishawapakia kwenye lori kwenda mnadani.

"Ila hatumpi mkurugenzi," Hanna akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Tunaipa familia ya hapa."

"Mimi ndiyo familia ya hapa," Florian akajibu bila kupepesa. "Modesta ni mke wangu."

Modesta alikuwa anakoroga uji. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Wazungu walipotoka, Florian akamsogelea.

"Nisaidie, dada yangu. Ni maigizo tu. Wakiondoka, nachukua ng'ombe, na wewe nakukatia chako."

"Na chekechea?"

"Chekechea gani?" Florian akacheka.

Modesta aliwatazama watoto waliokuwa wanalamba vikombe, na kicheko kile kikamuuma sana.

"Haya," akasema. "Ila tuigize vizuri. Ng'ombe umkabidhi baba wewe mwenyewe, mbele ya watu, useme kwa sauti kwamba mimi ni mkeo. Wazungu wanapenda mambo ya kimila."

Florian alimsifu kwa akili yake.

Ijumaa watu walijaa. Florian, ndani ya suti ya kuazima, alishika kamba na kutangaza: "Baba, huyu Modesta ni mke wangu, na ng'ombe hawa nawaleta kwako!" Vigelegele vikapasua anga. Masalu aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja, meno na kwato, wazee wakashuhudia, kisha akawaswaga ndani ya zizi. Akina mama wakamletea Florian ugali na kuku, akala akashiba. Hanna alirekodi yote huku machozi yakimtoka.

Jumamosi wazungu wakapanda ndege. Mchana Florian akaja na lori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wangu."

Florian akacheka, na akajikuta anacheka peke yake. Wazee wa jana walikuwa wameketi palepale, pamoja na Chenge, kamanda wa sungusungu, fimbo mapajani.

"Mzee, nimefuata ng'ombe."

"Wepi? Wale wa mahari?"

"Mahari! Yale si yalikuwa maigizo?"

"Kwenu mnaigiza kwa ng'ombe sita?" Masalu akauliza, na alishangaa kweli. "Umesema ni mkeo, umeleta ng'ombe, umekula ugali wetu. Sasa tukuelewe vipi?"

"Basi namwacha!"

"Ruksa. Kosa lake?"

Florian alilitafuta. Modesta alikuwa mlangoni pa ghala, chaki mkononi, na nyuma yake watoto wanaimba a, e, i, o, u. Kosa lake alilijua vizuri, lakini hakuona namna ya kulitaja bila kuanza na la kwake.

"Hana kosa," akakubali.

"Ukimwacha mke asiye na kosa, ng'ombe hawarudi," Chenge akamweleza kwa upole. Fimbo ilibaki mapajani.

Modesta akasogea. "Kuondoka ruksa, mume wangu. Na ukitaka kubaki, tunahitaji mtu wa kukamua."

Dereva wa lori akapiga honi, akidai chake. Wakati huohuo simu ikaita. Ni Jovina. Hanna, kwa furaha zake, alikuwa ameirusha ile video mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na sasa Nyakato nzima walikuwa wameiona.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze. Nimekuona na suti, kamba mkononi." Jovina alikuwa analia. "Ng'ombe sita, Florian! Kwetu miaka miwili unasema hata mbuzi huna."