Bega la Nyuki wa Mwingi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Balaa! Musyimi amechukuliwa na watu wa filamu.

Nimeona kwa macho yangu, hapa hapa Kalamba. Tulikuwa tumemaliza mieleka yetu uwanjani pa shule, soko likiwa limefurika. Mambo yalikuwa yale yale. Yeye Tingatinga, mtu mwema, kaptura nyekundu. Mimi Nyuki wa Mwingi, mtu mbaya, kinyago na sweta ya mistari ya manjano. (Mwingi sijawahi kufika. Mtu mbaya ni lazima atoke mbali na watazamaji.) Refa alipogeuka, nikampiga Musyimi ngumi ya mgongo. Akina mama wakanitukana mpaka na ukoo. Musyimi akaninyanyua, akanizungusha, akanibwaga, refa akaanza kupiga turubai kwa kiganja. Pa! Pa! Nikainua bega. Kelele! Nikabwagwa tena. Pa! Pa! Bega! Ndipo Musyimi akanilalia kifuani na kuninong'oneza neno letu: "Lala." Nikisikia hilo siinuki tena, refa anapiga ya tatu, nimeshindwa, watu wanaenda nyumbani na furaha. Hiyo ndiyo kazi yetu tangu ujana. Nyingine siijui.

Sasa akaja mama mmoja wa kofia na buti nyeusi. Madam Waringa, dairekta, kutoka Nairobi. Wanapiga tamthilia ya televisheni kuhusu mtu anayerudi kwao Ukambani kumzika mdogo wake. Nikavuta tumbo ndani. Akanipita kama mlingoti. Akamwambia Musyimi kwamba uso wake una kitu.

Kitu gani? Uso huo nimeutazama kutoka chini miaka mingi. Una matundu ya pua, basi!

Nimekosa hamu ya kula. Musyimi akienda, Nyuki ni nani? Ni mwanamume mzima aliyevaa sweta ya manjano.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa. Nitamfundisha kuigiza mimi mwenyewe, vibaya. Watamrudisha kabla ya chai ya saa nne.

Musyimi hana hila, aliamini kila neno. Nikamwambia watu wa televisheni wako mbali sana, wengine wako Mombasa, kwa hivyo huzuni yake ionekane mpaka huko. Atoe macho. Apige kifua. Akilia, alie kama refa amemwibia ushindi. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba yangu. Mke wangu Mutindi akatoka kuuliza ni nani amekufa. Nikafurahi sana.

Jumatano, 6 Agosti

Ilianza vizuri! Wanapiga filamu katika boma moja karibu na njia ya kwenda Wote, lenye michungwa. Nilijipenyeza nikiwa nimebeba mtungi wa maji ili nionekane nina kazi. Musyimi akaingia, akainua mikono juu, akaunguruma, akamwonyesha kidole mtu wa nyuma kabisa, na huko nyuma alikuwa kuku. Kuku akakimbia. Nikajua tumekwisha kurudi ulingoni.

Waringa hakukasirika. Alimwendea polepole, akamwambia kamera si uwanja. Kamera ni mtu mnayekula naye sahani moja, kwa hivyo asimpigie kelele na uso. Kisha akampa koti kuukuu, la yule mdogo aliyekufa. Asiseme kitu. Alikunje tu.

Sijui niandike vipi.

Musyimi alilishika lile koti. Mikono ile! Imenitupa nje ya kamba nikatua juu ya meza ya muuza mahindi. Ikalishika kama koti lenyewe lina usingizi. Akakunja mkono mmoja wa koti. Akasita, akaunusa ukosi kidogo, kama anaona haya kuonekana. Akakunja mkono wa pili. Basi. Hakutoa macho wala hakupiga kifua. Na mimi nikasikia nywele za shingo zinasimama. Akina mama waliokuwa wakipika githeri ya watu wa filamu waliacha miiko ndani ya sufuria. Mmoja, mama Kanyiva, anayenitukana kila mara nikipigana hapa, alisema kwa sauti ndogo: "Aiya! Huyu kijana amefiwa na nani?"

Kumbe huyu mtu nimelala chini yake miaka yote hii na sikumjua! Niliona fahari. Nilisahau kumwonea wivu kwa muda mzuri tu.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa mpya. Kama siwezi kumtoa ndani, nitaingia na mimi.

Ile maiti, yule mdogo mtu, inachezwa na kijana anayeitwa Githaiga, mwembamba, kutoka Nyeri. Kazi yake ni kulala ndani ya jeneza kaka yake akimlilia. Kulala! Wamemtoa Nyeri kuja kulala, na mimi niko hapa!

Nikamnunulia chai na chapati sokoni. Sikumdanganya. Nilimuuliza tu kama ameshawaambia wenyewe kwamba atalala jenezani akiwa hai. Akauliza wenyewe gani. Nikatazama vilima, nikakoroga chai. Akauliza tena. Nikamwambia asijali, pengine kwa mgeni hawahesabu.

Hawa watu wa huko juu Nyeri wanaogopa sana waganga wetu. Wakamba tumewaacha waogope, kwa sababu inasaidia wakati wa kununua shamba. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, naimba besi kwaya. Niliomba msamaha nikiwa njiani. Kisha nikatazama nyuma nikaona Githaiga hajamaliza chapati. Nikarudi nikaimaliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Githaiga amekataa jeneza. Amesema tumbo linamsumbua na moyo pia.

Nilikuwa karibu, kwa bahati. Waringa akauliza kama nina uzoefu. Nikamwambia hakuna mtu katika kaunti hizi mbili, Kitui na Makueni, aliyewahi kulala chini mbele ya watu wengi kuliko mimi. Musyimi akathibitisha. Alifurahi, maskini, akanikumbatia, akasema sasa hatakuwa peke yake na wageni.

Mchana nikapata habari mbaya. Githaiga hakufukuzwa. Amepewa nafasi ya pasta wa mazishi. Ana mahubiri! Ukurasa mzima! Suti mpya na tai! Mimi sina hata neno moja, na nimewekewa pamba puani.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeaibika mbele ya kaunti nzima. Niandike haraka kabla sijaibadilisha.

Jeneza tuliazimwa na fundi mmoja wa Wote. La kweli, linanuka vanishi mpya. Masharti ya fundi: lirudi jioni, lina mwenyewe. Nikalala. Raha sana ndani, satini nyeupe. Akina mama wa kijiji wameitwa kuja kulia, kamera ziko tayari, kimya. Waringa alikuwa amenieleza kwamba hii ndiyo picha watu wa kituo cha televisheni wataonyeshwa, na wakiitazama hiyo ndipo wataamua kama Musyimi ataendelea. Nikaahidi kufa vizuri.

Musyimi akaja. Nilifumba macho lakini nilisikia hatua zake, na pumzi. Alisimama pale mpaka nikaanza kujisikitikia. Kisha uchungu ukamzidi, akapiga ubao wa jeneza kwa kiganja.

Pa! Pa!

Nikainua bega.

Si mimi! Ni bega! Miaka yote hiyo mtu akipiga mbao karibu na sikio langu mara mbili, bega linajua kazi yake! Liliinuka lenyewe, na kichwa kikafuata, nikajikuta nimeketi ndani ya jeneza na pamba puani.

Mama Kanyiva alipiga kelele, "Damu ya Yesu!" akaruka ua. Sikujua anaweza kuruka ua. Wenzake wakamfuata, mmoja amevaa ndara ya mwingine. Githaiga, pasta wetu, ndiye aliyekuwa mbele. Tulimpata kwenye lami.

Waringa alivua kofia, akaivaa tena. Akasema jua linashuka, jeneza linangojewa, anarudia mara moja tu. Nikiinuka tena, atapiga jeneza likiwa limefungwa, kwa mbali, na Musyimi hataonekana uso. Hapo na yeye arudi nami sokoni tukaendelee kupigana.

Nitasema ukweli, shajara ni yangu. Nililala tena nikiwa na wazo. Bega moja tu. Dogo. Na Jumatatu Tingatinga yuko ulingoni, na Nyuki ni Nyuki. Nani angenilaumu? Bega lina mazoea!

Musyimi hakunitukana. Angenitukana ingekuwa rahisi. Alinirekebishia ukosi tu.

Kimya. Hatua zake. Pumzi. Safari hii ilikuwa nzito zaidi, nadhani alikuwa analia kweli, na nilijua ni kwa sababu gani. Pa! Nikauma ulimi. Pa! Bega likaanza kuwasha. Wallahi lilikuwa linapanda! Na Musyimi akainama, akaweka ule mkono mkubwa juu ya kifua changu, akasema maneno ambayo Waringa hakuyaandika popote:

"Lala, ndugu yangu. Lala."

Likashuka.

Watu walidhani anasema na marehemu. Ni mimi peke yangu niliyejua anasema na mimi. Akapiga ya tatu, polepole, nami nikabaki chini. Hakuna siku nimewahi kushindwa vizuri hivyo. Nikasikia akina mama wakilia, hawa hawa waliorudishwa kwa kubembelezwa, na hakuna aliyekuwa anaigiza. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni. Waringa hakusema "kata" mpaka ng'ombe wa jirani akalia.

Nimemwambia Mungu nimeacha hila. Zote.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani hakuna aliyetaka kuketi benchi langu. Mama Kanyiva alinipa mkono kupitia leso. Nilisimama kutoa shukrani, nikasema Musyimi ni kipaji kutoka juu na mimi ni chombo tu. Watu wakapiga makofi. Nikaona nitaongeza kidogo. Pasta akaanzisha wimbo.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo tamthilia imeonyeshwa Kalamba, katika ukumbi wa kanisa, kwenye shuka jeupe. Umati! Mvua imeanza lakini hakuna aliyebaki nyumbani. Musyimi alikuja na shati lililopigwa pasi, akaketi nyuma karibu nami, akijificha. Uso wake ulipojaa shuka lile, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, ukumbi wote ulivuta pumzi. Nilimtazama wa kwenye shuka, nikamtazama wa kando yangu akila njugu, nikashindwa kuelewa mtu mmoja anatosha vipi kuwa wote wawili. Alipofika pale pa "lala", mama Kanyiva alijifunika uso kwa leso.

Mimi nimeonekana sikio. La kushoto. Ni sikio zuri.

Kituo kimemkubali. Anahamia Nairobi Jumatatu. Aliniaga nje kwenye matope, akanishika bega, lile lile, na hakusema kitu, kwa sababu sasa anajua kutosema. Nililia na nimelia mpaka hapa. Sweta ya manjano nimempa Mutindi aikate viraka.

Lakini Mungu hamtupi mtu wake! Waringa ameniambia Januari wanapiga nyingine, huko Mwingi. Ina maiti! Hatimaye Nyuki anaenda kwao. Nikaomba nafasi hiyo. Akasema imeshachukuliwa na kijana fulani kutoka Thika, mtaratibu sana, anaitwa Ben. Kisha akasema, na sijui kwa nini alinitazama hivyo, kwamba nisijaribu kumnunulia chai.

Hakusema chochote kuhusu soda.

Nimeanza mazoezi. Nimelala kitandani, nikamwomba Mutindi apige ubao mara mbili. Bega limeinuka. Tumerudia, limeinuka. Nikamwomba aseme lile neno, akiweka mkono kifuani pangu. Alisema vizuri tu, lakini haikuwa sauti yenyewe, na bega likainuka. Sasa amekwenda kulala kwa watoto.

Si neno. Nimepata suluhisho. Nitampelekea Waringa wazo la maiti anayeamka.