Mlango wa Shibiri Kumi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimepata! Bwana Shuaib, fundi wa milango ya nakshi hapa Amu, amenipa siku tano za majaribio. Karakana inataka mchoraji mmoja tu. Mpinzani wangu ni Rumaisa, binti wa nduguye. Mtulivu mno. Nitamshinda. Nimesema nilisomea uchoraji. Muhula mmoja, lakini hilo sikuulizwa.

Jumanne, 8 Julai
Nimetumwa Wiyoni kupima nafasi ya mlango. Tepu nimeisahau nyumbani. Si neno, mafundi wa zamani walipima kwa shibiri, kiganja kilichotandazwa! Upana tano, urefu kumi. Nikachora sentimita mbili kwa kila shibiri. Safi kabisa. Bwana Shuaib kafurahi, akasema watu wa bara huwa hawajali mila za nti hini, yaani nchi hii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 9 Julai
Balaa! Msumeno tayari, na mbao za mbambakofi zilisubiriwa miezi minne. Bwana Shuaib anapima shibiri kwa mkono wake. Rumaisa akautazama mchoro, akaniuliza polepole: "Bwana Kirimi, shibiri hii ni ya mkono wa nani?"

Nikajibu ni ya fundi. Akaniambia niutandaze mkono juu ya ubao, kando ya wa ami yake. Wangu sentimita ishirini na nne. Wa mzee ishirini. Sita kwa tano! Akaandika kwa chaki: shibiri zangu tano ni sita za mzee, zangu kumi ni zake kumi na mbili. Bila yeye tungeacha pengo la sentimita arobaini juu ya mlango, mbuzi angeruka na kupita. Hata kikokotoo hakushika. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Binti huyu ana akili ya ajabu. Wala hakunichongea, alimwambia mzee kwamba tulikuwa tunahakiki vipimo.

Ijumaa, 11 Julai
Mlango umekaa sawasawa. Nafasi kapewa Rumaisa. Inauma, lakini ni haki yake. Yeye mwenyewe ameniombea nibaki kuwa msaidizi wake. Nimeapa kupima kwa uangalifu maisha yangu yote.

Jumamosi, 12 Julai
Kazi ya kwanza ya usaidizi: kupima ukuta wa ukumbi wa Bwana Faiz, anataka kabati refu. Tepu imebaki karakana. Sikubabaika. Mkono siutumii tena! Nimetumia unyayo, tena wa mwenye nyumba mwenyewe, asije mtu akauliza ni wa nani. Zilitoka nyayo kumi na saba kamili. Bwana Faiz alikuwa na haraka, boti ya Kiunga inamngoja. Atarudi, yeye na unyayo wake, baada ya miezi miwili.