Naomba Niadhibiwe kwa Utaratibu

Handsworth, Birmingham
14 Novemba 1973

Kwa Ndugu Cleopas, Mwenyekiti wa Ushirika wa Sala,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Tangu nilipomwombea marehemu mume wangu Bethuel apewe huko aliko mahali pasipo na baridi, ibada yetu ya nyumba kwa nyumba imekuwa ikiiruka nyumba yangu. Nasikia mmeniita mzushi, kwa kuwa wafu hawaombewi. Hilo sibishani nalo. Ninacholalamikia ni adhabu yenyewe.

1. Nimesoma katika kitabu cha maktaba kuhusu jambo ambalo Wareno waliliita "auto-da-fé", maana yake tendo la imani. Wengi hudhani ni kuchoma watu. Kumbe lilikuwa kusanyiko la kuwasomea wazushi hukumu hadharani. Waliochomwa walichomwa baadaye, kwa mkono wa serikali. Mimi sikusomewa chochote. Nilipika chai, nikapanga viti, nikangoja mpaka maziwa yakafanya utando.

2. Mzushi alivikwa joho la manjano na kofia ndefu ya karatasi, akapitishwa barabarani na mshumaa mkononi. Joho nitalishona mwenyewe. Napendekeza tupite Soho Road Jumamosi, watu wakiwa madukani.

3. Palikuwa na mahubiri marefu mno. Hapo, Ndugu Mwenyekiti, sina wasiwasi nawe.

4. Kuhusu moto, manispaa imekataza moshi wa kuni mtaani kwetu. Jirani yangu Raksha yuko tayari kutuazima hita yake ya mafuta ya taa, ila ameniuliza, "Dada, hawa wenzako hawawezi kukukasirikia kwa simu tu?"

5. Dada Truphosa aliniambia kituoni, basi likiwa linakuja, "Mama, Bethuel sasa ni wa Mungu. Si wako tena wa kumfunika blanketi." Bethuel ni mtu aliyekuwa akilala na soksi hata Agosti, kwenye joto la huku. Ningenyamazaje?

6. Katika kitabu chote sikumwona mzushi aliyeadhibiwa kwa kutotembelewa. Walikuja watu wote, hata watoto. Nami nataka hivyohivyo.

Msalimie mkeo, na wauguzi wa ushirika wetu walio zamu ya usiku, na hata Truphosa. Naomba mnikumbuke.

Mzushi wenu,
Magdalene, mjane wa Bethuel

Nyongeza: Acheni hayo ya joho na kofia. Jumapili napika ugali na nyama, njooni tu mle. Ila wakati wa kushukuru kwa chakula nitamtaja Bethuel tena. Mkiona vigumu, jifanyeni hamkusikia, mseme Amina.