King'amuzi cha Wanaoanza

Kabla hata hajavuka mlango wa duka la ving'amuzi, Injinia alimwona mama mmoja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, katoni ya king'amuzi mapajani, akiigeuza huku na huku kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Selotepu ilikuwa bado mpya. Mtu mzima, yuko peke yake, na katoni haijafunguliwa! Injinia akaweka koti lake sawa na kumshukuru Mungu kwa riziki.

Tusidanganyane mapema hivi: uinjinia wake hakuupata chuoni. Aliupata siku aliponunua koti la bluu lenye mfuko wa kalamu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu kuchagua king'amuzi, na kila aliyesaidiwa alijuta. Begini alibeba king'amuzi kimoja kizima cha kuonyeshea na katoni moja iliyofungwa vizuri. Mteja alionyeshwa kile kizima, picha ikatoka, roho ikatulia. Kisha, kufumba na kufumbua, alikabidhiwa katoni. Ndani yake mlikuwa na kigae cha paa kilichovikwa soksi ili kisigongegonge. Soksi zote zilikuwa na mistari ya kijani, maana aliwahi kununua robota zima kwa bei ya kutupa, na tangu hapo vigae vyake na miguu yake vilivaa sare.

Ila wiki hiyo hakuwa akitafuta hela. Alikuwa amependa. Alimpenda binti mmoja fundi cherehani, akampenda kiasi cha kusahau kula, na Jumapili alitakiwa nyumbani kwao akaonekane. Mama wa binti alikuwa ameomba zawadi moja tu: king'amuzi rahisi, ambacho hata mtu anayeanza atakiweza, kwa sababu cha kwake kilimlazimu kumwita jirani kila alipotaka taarifa ya habari. Injinia aliapa kwamba mkwe wake atapata kitu halisi, kutoka kiwandani, hakijafunguliwa. Wazo la kukinunua halikumjia kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa hapa dukani?"

"Mimi ndiye wanayemwita mambo yakiwashinda."

"Basi umeletwa. Nimenunua hiki, sasa naogopa hata kukifungua."

Injinia akaipokea katoni, akaipima uzito, akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Nani kakuuzia hiki, mama? Hiki ni cha mafundi. Rimoti yake imejaa vitufe. Ukikosea kimoja tu, maandishi yote yanageuka lugha usiyoijua, na maelekezo ya kuirudisha yako katika lugha hiyo hiyo."

"Maskini mimi!"

"Anayeanza hahitaji vitufe, anahitaji amani. Mimi ninacho cha wanaoanza. Unabonyeza tu. Tunabadilishana, wala sikuombi hata nauli."

Yule mama akamtazama usoni. "Mwaka jana nilitapeliwa, mwanangu. Nililia mpaka nikaumwa kichwa. Niambie kweli, wewe naweza kukuamini?"

Injinia alihisi kitu kinamchoma kifuani. Akapapasa, akakuta ni kalamu.

"Mama," akasema kwa uchungu, "watu wamekuwa wabaya sana."

Wakaenda kwa mama, aliyekuwa akiishi kwenye chumba cha ghorofani, nyuma ya duka lile. Dishi lilikuwepo juu ya paa, lakini upepo ulikuwa umeligeuza likatazama ukuta. Injinia aliunganisha waya, akawasha, na kioo kikajaa chengachenga.

"Ndiyo kipindi chenyewe hiki?" mama aliuliza.

Hakukuwa na njia nyingine. Injinia, ambaye hajawahi kumfungia mtu dishi tangu azaliwe, alipanda juu ya paa na koti lake la bluu. Mama alisimama dirishani akitoa amri.

"Kulia kidogo! Umepitiliza! Rudi! Rudi, mwanangu! Hapo hapo, kaza nati!"

Aliposhuka, kola imelowa jasho, runinga ilikuwa ikitoa picha safi na mama alikuwa amejifunza kupandisha sauti, kuishusha na kuhamisha chaneli. Injinia akakichomoa king'amuzi haraka na kuingiza mkono begini.

"Sasa hiki ni cha maonyesho tu, kimechoka. Acha nikupe kipya chako, kiko ndani ya katoni."

"Kipya sikijui," mama alisema, akakinyakua king'amuzi mikononi mwa Injinia na kukipakata. "Hiki tumeshazoeana. Nipe hiki hiki, au nirudishie changu."

Injinia alipiga hesabu kichwani. Kimoja kimechakaa, kingine hakijaguswa hata selotepu. Mkwe kwanza, cha kuonyeshea kitatafutwa. Akakubali kwa shingo upande na kushuka ngazi na katoni kwapani, akipiga mluzi. Hakuifungua, maana utamu wote wa zawadi ulikuwa kwenye ile selotepu.

Jumapili alipiga hodi akiwa amenyolewa vizuri. Alivua viatu mlangoni kama watu wastaarabu, akaingia, akasalimia kwa adabu. Binti alikaa karibu na cherehani yake, akimtazama bila kutabasamu. Injinia akadhani ni haya.

"Mama," alisema, akiinua katoni kwa mikono miwili, "nimezunguka mji mzima kukichagua. Ni rahisi ajabu. Unabonyeza tu."

Mama mtu alichukua mkasi wa binti yake, akakata selotepu, akaingiza mkono. Akatoa soksi. Ilikuwa ndefu, nzito, na ina mistari ya kijani. Aliitikisa, kigae kikaangukia mkekani.

Watu wote waliitazama soksi. Kisha, bila kuambizana, wakatazama miguu ya Injinia.

"Hiki kitufe chake kiko wapi?" mama aliuliza.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, akatoka yule mama wa kwenye benchi.

"Huyu ni shangazi yangu," binti alisema. "Katika nyumba hii, shangazi asiposema ndiyo, hakuna harusi."

"Shikamoo," Injinia alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Kigae hicho uliniuzia mwaka jana, ukiwa na ndevu. Nilikitunza. Binti aliponionyesha picha ya mchumba wake, nikakutambua, nikanunua selotepu. Mama yake alitaka kukufukuza siku ile ile. Mimi nikasema hapana, kijana apewe nafasi. Nikaja hadi kwenye kijiwe chako, nikakuuliza kwa mdomo wangu kama naweza kukuamini. Ungejibu 'hapana, mama, ondoka hapa', leo ningepiga vigelegele."

Injinia alificha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Picha inaonekana vizuri sana," shangazi aliongeza kwa upole. "Ahsante kwa dishi."

Injinia akamgeukia binti. "Lakini wewe nakupenda kweli. Hilo halimo kwenye katoni yoyote."

"Najua," binti alisema, macho yamemwiva. "Ndiyo maana inauma. Ningekipokea hata kile kikuukuu chako, ungekileta mwenyewe ukasema ni kikuukuu."

Injinia akainama. Aliokota kigae chake na soksi yake, akaenda mlangoni, akaanza kuhangaika na komeo. Alivuta, akanyanyua, akavuta tena. Mlango haukusogea, na jasho likaanza kumtiririka kama siku ile juu ya paa.

Binti alikuwa ameshainamia cherehani yake. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mlango huo ni wa wanaoanza. Unasukuma tu."