Mkojo Usio Rasmi

Ilitangazwa Likoni, mwezi Machi 1988, kwamba kuanzia Jumatatu mkojo wa watoto utatoka saa tatu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Mkojo utakaotoka nje ya muda huo hautatambuliwa na zahanati.

Bwana Shee, Afisa Msimamizi wa Sampuli, ndiye aliyeutunga mwongozo huo, kurasa kumi na nne, na aliupenda kuliko wali wa nazi. Kwamba mtoto mwenye homa isiyoeleweka apimwe mkojo, hilo hata wauguzi walilijua. Lakini nani aliwahi kuutia mkojo adabu?

Jumatatu hiyo mama mmoja, Jumwa, akasimama mbele ya meza ya Bwana Shee na bintiye Kanze, miezi minane, mwili unawaka.

"Siku ya tatu hii, bwana. Akikojoa, analia. Na hapo foleni kashakojoa mara mbili."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Huo haukuwa rasmi. Subiri mwingine. Bila kipimo hakuna dawa."

Machozi yakamlenga Jumwa. Ikafika saa tatu na dakika kumi, Kanze mkavu. Muuguzi Johari alikwisha kumsafisha, amechuchumaa na chupa mpaka magoti yamekufa ganzi.

"Akina mama, nisaidieni!" akasema.

Wanawake thelathini wakafanya kama wafanyavyo majumbani kwao. "Sssssss!" Zahanati ikajaa sauti ya maji.

Kanze akakojoa. Johari akaacha wa mwanzo upite, akakinga wa katikati, akakimbilia darubini.

"Usaha tele! Ana maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa yake hii."

Jumwa akaangua kilio cha furaha. Bwana Shee hakumsikia. Asubuhi ile alikunywa madafu matatu, na akina mama, wenye watoto wengine wa kukojozwa, hawakunyamaza. Akabana mapaja. Akarukia chooni. Kumefungwa, kwa mujibu wa ukurasa wa tisa: mkojo usipotee ovyo.

"Johari! Ufunguo!"

"Abee! Uliupeleka ng'ambo, bwana, kwa usalama. Utarudi na feri ya saa nne."

Nje, foleni ya wanawake ilifika barabarani. Ndani, "Sssssss!" Afisa akacheza mguu huu, akacheza ule, jasho likamtoka. Hatimaye akanyoosha mkono, naye Johari akamtilia mkononi chupa ndogo ya watoto.

"Muuguzi," Jumwa akauliza kwa heshima, "huyu naye mwamsafisha kwanza?"